Saa ya Arobaini

Nilipoingia na birika la chai, saa ya thelathini na nane ya mdogo wangu ilikuwa imebakiza dakika tano, na mezani walikuwa wanataka kuvuka daraja.

Daraja lenyewe halikuwepo. Kilichokuwepo ni meza ya wodi, ramani iliyochorwa kwa kalamu nyuma ya karatasi ya kufungia bidhaa, vifuniko vitatu vya soda vilivyosimama badala ya watu, na Lwitiko aliyejikinga nyuma ya kalenda ya kanisa iliyokunjwa mara tatu, wachezaji wasione dadu zake. Lwitiko ndiye msimulizi wa mchezo. Yeye husema mko wapi, nani anawafukuza na mlango upi umekwama. Wenzake husema watafanya nini. Dadu huamua kama wamefaulu. Wanacheza hivyo tangu kidato cha tano, na mimi tangu kidato hicho cha tano siupendi mchezo huo. Nasema mapema ili mtu asije akanifanya mwema.

"Mbao zimeoza na askari wako nyuma yenu," Lwitiko alisema. "Ando, Songoro anafanya nini? Anaruka au anajisalimisha?"

Songoro ni mtu wa Ando ndani ya mchezo: mwizi wa kengele, mwongo, mpenda sifa. Ando mwenyewe alikuwa ameegemezwa mito miwili, shuka hadi kifuani, macho yakiitazama ramani kama mtu anayetazama mvua.

"Anaruka," alisema.

Mikono ya Ando ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo Lwitiko alikuwa akimrushia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Lwitiko, birika mkononi. Dadu ya pande ishirini ilizunguka, ikagonga ukingo wa kalenda, ikalala. Juu yake palikuwa na mbili.

"Kumi na tisa!" Lwitiko alipaza sauti. "Songoro kavuka!"

Kissa na Festo, wale wenzao wawili, wakapiga makofi. Ando akatabasamu. Halafu taa ya kinasa, ile mashine ya ukutani inayosoma ubongo wake, ikazimika, kope zake zikashuka, na saa yake ikaisha. Nilimimina chai kama kawaida, ila kikombe cha Lwitiko nilikimwaga chote juu ya ramani yake. Sikuomba radhi.

*

"Mstari umelala, Mwalimu," alisema Daktari Nsajigwa.

Ananiita Mwalimu kwa sababu nilimfundisha binti yake hesabu. Aligeuza kioo chake cha mkononi nione. Grafu ya uamuzi ya saa ile ilikuwa imenyooka kama mstari wa kwanza ambao mtoto huchora kwa rula.

"Lakini amesema anaruka," nilisema. "Nimemsikia."

"Amesema. Mdomo unasema. Humu ndani hakuna kinachogombana." Aligusa kioo kwa kucha. "Mtu akichagua kweli, pande mbili za ubongo huvutana. Hapa hakuna mvutano tangu saa ya ishirini na kitu. Ubongo huhangaika pale unapojua unaweza kukosa. Huyu mara ya mwisho amekosa nini?"

Nilijua jibu.

Mpukutiko ndio ugonjwa uliomchukua Ando akiwa na miaka thelathini na sita. Sehemu za ubongo zinakauka na kudondoka, moja baada ya nyingine, na mgonjwa analala. Dawa ya amsho humrudisha saa moja kwa juma, na mwili hauvumilii zaidi ya saa arobaini. Kinachotumika ndani ya saa hiyo hupona kidogo, kisichotumika hupukutika. Ni kama zamu ya maji kule Usangu: mfereji mmoja, mashamba mawili, ukifungulia hili lile linakauka. Saa arobaini zikiisha, Bodi ya Uhai husoma grafu. Anayeweza bado kuchagua huanzishiwa dawa ya pili, apate saa nyingine arobaini. Asiyeweza hufungwa, yaani huzimwa usingizini asiamke tena. Ndilo neno lao, kufungwa, utadhani ni duka.

Mwanzoni tuligawana Ando nusu kwa nusu, mimi na Lwitiko. Juma moja mchezo, juma moja riwaya. Riwaya ilikuwa ni ile ya baba, isiyo na jalada, ya Kalunde tarishi aliyetumwa kupeleka barua yenye lakiri, ule muhuri wa nta. Niliianza upya, kwa sababu Ando alikuwa ameisahau. Saa za riwaya kinasa hakikuwashwa. Kinasa huchosha ubongo, na katika kusikiliza hadithi hakuna cha kuchagua, kwa hiyo Bodi haipimi usikilizaji. Katika saa zangu Ando alikuwa anatulia. Aliniita dada. Mara moja aliniambia, "Unasoma kwa pua kama zamani," nikacheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

Kisha, saa ya kumi na sita, grafu ikaanza kushuka. Lwitiko alinifuata kwenye korido, kofia mkononi. "Dada Subi, nipe saa zako," aliniambia. "Riwaya haitampa uhai. Mchezo utampa." Alikuwa na haki, kwa kadiri nilivyoelewa. Nikampa zote. Kwa majuma ishirini na mawili nilikaa kwenye benchi la nje na kitabu mapajani, nikisikia wenzake wakicheka ndani na mdogo wangu, na kila juma Ando alinijua kidogo kuliko juma lililotangulia. Mwisho akawa ananiamkia, "Shikamoo, mama," kama anavyomwamkia mfagiaji.

Hiyo ndiyo bei niliyokuwa nimelipa kwa ajili ya mchezo wa nyuma ya kalenda ya kanisa.

*

Lwitiko anashona nyavu za ukungu, zile zinazotegwa milimani kukusanya maji. Nilimkuta kwenye banda lake, sindano mdomoni, wavu umemfunika miguu.

"Ilikuwa mbili," nilimwambia.

Hakuuliza mbili gani. Alitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kola.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu mikono ilipoanza kutetemeka."

"Kila mara?"

"Si kila mara, dada. Zile za hatari tu."

"Lwitiko, za hatari ndizo zenyewe! Hizo nyingine za nini? Kufungua kopo?"

Alianza kulia, naye ni mtu mzima mwenye ndevu, na mimi sikumhurumia. Huruma yangu ilikuwa imekwisha kwenye benchi.

"Ungefanyaje wewe?" alisema. "Mtu anakutazama kutoka kwenye mito. Ana saa moja tu kwa juma. Umwambie umeanguka mtoni, umekufa, tuonane juma lijalo? Msimulizi yeyote angefanya hivyo. Tunafanya hata kwa wazima, mchezo ukitaka kuharibika. Nilishindwa kumuua."

"Ukamuua."

Nilikusudia kumuumiza, na nilifaulu. Alikaa na wavu wake, mimi nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amemfanyia Ando kile ambacho kila mpenzi wa mchezo ule humfanyia rafiki siku mbaya. Hakujua kwamba kuna mashine ukutani inayotambua ushindi wa bure vizuri kuliko sisi. Nilimchukia na nilimwelewa, na kumwelewa ndiko kulikonikera zaidi.

"Zimebaki mbili," alisema mwishowe. "Saa mbili. Nitaweka dadu mezani, kalenda nitaichana. Nipe hizo mbili, dada."

"Nakupa moja."

*

Saa ya thelathini na tisa walicheza bila kalenda. Safari hii niliingia nikaketi pembeni ya kitanda. Kinasa kiliwashwa mapema, kwa sababu kinahitaji dakika kumi kupata moto. Daktari alisimama mlangoni na kioo chake.

Lwitiko aliweka dadu katikati ya ramani. Songoro alikuwa juu ya mnara, amebeba kengele mgongoni, kamba inakatika. "Unaiachia kengele au unaishikilia?"

"Naishikilia," Ando alisema, kwa kuwa lilikuwa neno la mwisho alilolisikia.

Dadu ilirushwa mbele ya macho yetu sote. Tano. Lwitiko alimtazama Kissa, Kissa akainamisha kichwa.

"Kamba imekatika," Lwitiko alisema polepole. "Songoro ameanguka. Ando, pole. Songoro amekufa."

Ando alitabasamu. Lilikuwa tabasamu lilelile la kuvuka daraja.

"Tumeshinda?" aliuliza.

Festo alitoka nje. Nilimgeukia daktari, naye alitikisa kichwa taratibu.

Lakini Lwitiko alinikimbilia kwenye korido, akanishika mkono. "Kuna kitu, dada. Niliposema amekufa, jicho lake moja lilicheza. Niliona. Nipe saa ya mwisho. Nitampa mtu mwingine, nitamtia taabuni tangu dakika ya kwanza. Kinasa kitanasa."

"Umeona, au unataka kuona?"

Aliniwekea dadu ile kiganjani. "Basi angalau ashike hii. Alikuwa anapenda kuishika."

Usiku ule sikulala vizuri, na sitasingizia kwamba niliwaza mambo makubwa. Niliwaza ukurasa wa mia mbili na kumi. Ndipo tulipoishia utotoni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye kumi na saba, tukisoma kwa zamu barazani, na kila Kalunde alipofika kwenye njia panda Ando alikuwa ananikatisha: "Simama. Ningekuwa mimi ningefanya hivi." Siku moja nilimfokea. Nilimwambia, "Kitabu hakikuulizi wewe." Juma lililofuata Lwitiko akaja na dadu, akaleta hadithi inayouliza, na Ando hakurudi barazani tena. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimemnunia kwa jambo hilo. Na wodini, katika saa nane zangu, tulikuwa tumefika ukurasa uleule, tukakatishwa na watu walewale.

Nikikipa kinasa saa ya mwisho, labda, kwa bahati ya ajabu, mstari utainuka. Nikimpa riwaya, atafungwa bila shaka, lakini atafungwa akiwa amesikia mwisho wa hadithi, na pengine nitasikia neno dada. Ya kwanza ilikuwa ya kwake. Ya pili sikujua ni ya nani. Mwanasheria wa Bodi aliniletea asubuhi karatasi yenye visanduku viwili, kupimwa na kutopimwa. Nilitia tiki kwenye kutopimwa, kalamu ikaandika vizuri tu.

*

Saa ya arobaini ilianza saa nne asubuhi, ukungu umefunika dirisha.

"Shikamoo, mama," alisema Ando.

"Marahaba, baba. Nimekuletea hadithi."

"Haya."

Kinasa kilikuwa kimezimwa, kimefunikwa kitambaa cha kijani. Nilifungua ukurasa wa mia mbili na kumi nikasoma. Kalunde amefika kwenye kivuko. Barua iko kiunoni, lakiri ya mtawala haijaguswa. Ng'ambo kuna mlinzi anayesubiri kuipokea. Nyuma ya mlinzi, bondeni, wanakaa watu wa kwao Kalunde, na amesikia tetesi kwamba barua inaagiza bwawa lijengwe na bonde lao lizamishwe. Nilisoma kwa pua, kama zamani. Ando alitazama dari. Nilisoma kurasa tano, kumi, mwandishi akizunguka na kuuelezea mto, na nilijua hanisikii. Shamba langu lilikuwa limekauka majuma ishirini na matatu. Nilikuwa nimemnyima nafasi yake ya mwisho ili niisomee dari.

Niliendelea kwa sababu sikujua la kufanya zaidi ya hilo. Zilibaki kama dakika ishirini nilipofika pale Kalunde anapoitoa barua na kuishika mkononi.

"Simama," Ando alisema.

Nilisimama katikati ya neno.

"Hajafungua?"

"Bado."

"Ningekuwa mimi ningefungua." Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto. "Lakini lakiri. Mlinzi ataiona. Inafunguka bila kuvunjika?"

Kitabuni hakukuwa na jibu la swali hilo. Niliingiza mkono mfukoni nikatoa dadu, nikaiweka kiganjani mwake, na vidole vyake vikaifumba vyenyewe.

"Jaribu," nilisema.

Aliirusha kwa mkono wake unaotetemeka. Ilidondoka kwenye mkunjo wa shuka, mbali na macho yake.

"Ngapi?"

Ilikuwa nne. Hakuwa anaiona. Nilimwelewa Lwitiko pale pale, kwa mwili mzima. Kumi na nane ilikuwa tayari iko ulimini mwangu.

"Nne," nilisema.

"Nne!" Uso wake ulikunjamana. Nilidhani ni maumivu, nikataka kuita muuguzi, halafu nikaona ni hasira. Mdogo wangu alikuwa amekasirika. "Imevunjika, basi. Lakiri imevunjika?"

"Imevunjika vipande viwili. Mlinzi ameona, anakuja." Sijawahi kusimulia mchezo maishani mwangu. "Ana bunduki. Unaweza kuitupa barua mtoni, uape hujawahi kuwa nayo. Au unaweza kukimbia. Utafanya nini?"

Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Macho yake yalikwenda kushoto, yakarudi, yakaenda tena, na machozi yakaanza kumtoka, na sijawahi kuona mtu akihangaika hivyo akiwa amelala kitandani.

"Nikitupa, watatuma tarishi mwingine," alisema. "Nikikimbia, bonde halitajua." Akavuta pumzi. "Siitupi. Naisoma kwa sauti. Pale pale, mbele yake, wa ng'ambo wote wasikie. Atanipiga risasi?"

"Huenda."

"Sitaki kufa." Alilia kama mtoto. "Naisoma hata hivyo."

Halafu alinigeukia, akanitazama usoni, si kama anavyomtazama mama wa kufagia.

"Dada," alisema, "si ulisema kitabu hakiniulizi mimi?"

Nilipiga kelele. Nilitoka mbio hadi mlangoni nikimwita daktari kwa jina lake bila cheo. Alikuja anakimbia, akamwona Ando, akaona macho yake, akakivuta kile kitambaa cha kijani na kubonyeza swichi. Kinasa kikaanza kunguruma. Dakika kumi kupata moto. Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika saba.

"Mwalimu, mzungumzishe," daktari alisema. "Mshike hapohapo."

Nilimzungumzisha. Nilimsimulia mlinzi akiinua bunduki, watu wakitoka kwenye nyumba za ng'ambo, mama mmoja akipiga vigelegele. Aliniuliza maswali, alibishana nami, aliniambia mto hauwezi kuwa na kina hicho. Dakika ya mwisho alinishika kidole. Kope zilishuka akiwa katikati ya sentensi, na taa ya kinasa ikawaka baadaye, nyekundu, ikinasa usingizi.

*

Niliandika ushahidi wangu kurasa sita. Daktari aliandika alichokiona: mgonjwa mwenye machozi na macho yaliyo hai, jambo ambalo Bodi hailihesabu kuwa kipimo. Bodi ilijibu kwamba neno la ndugu peke yake halitoshi, anatakiwa shahidi wa pili aliyekuwepo chumbani mgonjwa alipofanya uamuzi, kabla daktari hajaitwa.

"Nilikuwepo," alisema Lwitiko.

"Hukuwepo."

"Nitasema nilikuwepo. Nimesimama pembeni ya dirisha, nimeona dadu, nimesikia kila neno. Nani atajua? Nisimulie tu vizuri, nisikosee."

Na mimi, niliyemwambia Ando nne, nilimsimulia. Nilimwambia shuka lilikunjwaje na ukungu ulikuwaje dirishani. Alishika vizuri, ana kumbukumbu ya msimulizi. Alitia sahihi, nami nikatia sahihi chini yake.

Mlango wa wodi huhesabu kila anayeingia. Hatukulifikiria hilo, sote wawili. Jibu la Bodi lilikuwa na mistari mitatu: shahidi wa pili hakuwepo, kwa hiyo maelezo ya shahidi wa kwanza, aliyethibitisha uwepo wake, hayaaminiki, mgonjwa atafungwa Jumatatu.

Jumatatu walimfunga. Waliniruhusu nikae naye, na haikuchukua muda. Niliweka dadu kiganjani mwake, vidole havikufumba, nikairudisha mfukoni.

Lwitiko alikuwa ananisubiri nje ya lango, mvua inamnyeshea, hana hata mwavuli. Hakuniuliza kama Ando alisumbuka.

"Ile dadu ya mwisho," alisema. "Kweli ilikuwa nne?"

"Nne."

"Na ukamwambia nne."

"Nikamwambia."

Alifuta uso kwa kiganja. "Mimi ningemwambia kumi na saba," alisema.

"Najua, Lwitiko."

Tuliteremka pamoja hadi barabarani. Riwaya ilikuwa kwenye mkoba wangu, imekunjwa pale Kalunde alipoishika barua mkononi. Zimebaki kurasa arobaini na tano. Sijui kama anaifungua, na sitasoma.